Kadi za Machi

Kadi za kwanza zilifika mwezi wa Machi, mdogo wangu akiwa mwaka wa tatu wa sekondari. Zilikuwa tisa, zote kwa siku moja, zimefungwa kwa mpira mwembamba ndani ya sanduku la barua mbele ya nyumba yetu ya Mansfield, Texas. Kila moja ilikuwa na nembo ya chuo kikuu chake: fahali, tai, kofia ya chuma. Ndani, kila moja ilimtakia heri ya siku ya kuzaliwa kwa majina yake matatu, lake, la baba na la babu, na chini pakawa na saini ya kocha kwa wino wa buluu.

Nililamba kidole nikaisugua saini ya kwanza. Wino haukufifia. Nikasugua ya pili, na ya tatu. Zote zilikuwa zimechapwa na mashine.

Nilimpelekea jikoni. Alikuwa anakula bakuli la pili la nafaka na maziwa, miguu ameipitisha chini ya meza hadi upande wa pili. Akanijibu kwa Kiingereza, lugha aliyonijibia kila kitu, kwamba bila shaka ni mashine, kwani nilidhani watu wale wanampenda?

Alikuwa kwotabeki wa timu ya shule ya mpira wa Kimarekani, yule anayesimama nyuma ya safu, anapokea mpira, na kwa sekunde mbili tatu, majitu yakimjia, anaamua amrushie nani. Nilikwenda kumtazama Ijumaa nyingi bila kuupenda mchezo wenyewe. Kilichonivuta kilikuwa kile alichokuwa akikifanya peke yake: alirusha mpira mahali ambapo hapakuwa na mtu, na mpira ukiwa bado hewani, mtu akatokea pale. Nilimuuliza anajuaje. Alisema hajui, anaona tu.

Vyuo vikubwa vilikuwa vinatafuta vijana wa namna hiyo ili viwasomeshe bure miaka minne na wavichezee mpira. Yeye hakutaka kitu kingine chochote duniani. Na kizuizi kilikuwa kimoja, kimeandikwa katika kila gazeti lililomtaja: urefu. Futi tano na inchi kumi na moja. Kwotabeki mfupi haoni juu ya vichwa vya walinzi wake, na wenye vyuo walitaka kujua kama ataongezeka.

Kesho yake nilitafuta zile kadi nisizione, si mezani wala kwenye taka. Nikajua mama amezichukua. Mama anaogopa sana kijicho. Alikuwa hataki hata picha za gazetini zibandikwe ukutani. Nikadhani amezichana.

Sisi kwetu hatukuwa na mazoea ya siku za kuzaliwa. Mtu alizaliwa majira fulani, basi. Mimi wa kiangazi. Mdogo wangu wa mvua za vuli, na mama alikuwa na kisa chake alichokirudia: paa linavuja, beseni limewekwa kitandani miguuni pake, mkunga anamwambia asukume na huku anasogeza beseni. Nilikisikia kisa kile utoto wangu wote Mombasa, kisha Grand Prairie tulikofikia kwanza, kisha Mansfield. Na kwa miaka minane, tangu nilipojua Kiingereza kuliko wazazi wangu, ni mimi niliyejaza fomu za mdogo wangu za shule, za daktari, za timu. Katika kila fomu nilinakili kutoka kwenye cheti tarehe ya mwezi wa Machi.

Machi si vuli. Mimi, ambaye chuoni maprofesa walinichoka kwa maswali, nilikuwa nimeiandika tarehe ile labda mara arobaini bila kujiuliza. Zilihitajika mashine tisa kunionyesha.

*

Hapa sina budi kueleza kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa. Nina miaka minne. Kuna mtoto mchanga nyumbani, mvulana, ninaruhusiwa kumshika mguu. Siku moja nyumba inajaa watu asubuhi, baba anatoka mlangoni amempakata mtoto mikono yote miwili, amefunikwa nguo nyeupe mpaka usoni, na wanaume wanamfuata. Baba anarudi mikono mitupu. Kisha muda unapita, sijui mrefu kiasi gani, na mtoto anarudi. Yuko kitandani kwa mama, anaitwa jina lile lile, naruhusiwa kumshika mguu.

Hakuna aliyenieleza lolote. Nilikua nikijua kwamba mdogo wangu alichukuliwa na akarudishwa. Nikiwa mkubwa nilijiambia ni ndoto, au mtoto alipelekwa hospitali. Sikuamini majini, sikuamini kijicho, sikuamini hata baadhi ya mambo ambayo sitayaandika mama akiwa hai. Lakini nilipokuwa nikimtazama uwanjani chini ya zile taa nyeupe, akirusha mpira mahali pasipo na mtu, mara nyingine kumbukumbu ile ilinijia na vinyweleo vikanisimama.

*

Mwezi wa Mei aliumia kiganja mazoezini nikampeleka kupigwa picha. Daktari alikuwa kijana mchangamfu. Aliibandika picha ya eksirei kwenye kioo chenye taa akatuonyesha kwamba hakuna kilichovunjika. Halafu akaisogelea tena, akaangalia karatasi, akamuuliza mdogo wangu ana miaka mingapi.

Kumi na minane, akajibu.

Daktari alitupitishia kalamu kwenye mistari myeusi karibu na mwisho wa mifupa. Kwa kijana wa miaka kumi na minane, alisema, mistari hii mara nyingi huwa inafungika. Yako iko wazi kabisa. Huu ni mkono wa mtu wa miaka kumi na sita. Aliongeza kwamba hutokea, miili haifanani, tusiwe na wasiwasi. Kisha akacheka akasema pengine mkono ameuazima kwa mtu.

Mdogo wangu alicheka naye. Mimi niliitazama ile picha, mkono mweupe usio na nyama juu ya kioo, na sikuweza kucheka.

Baba alikuwa njiani na lori, wiki mbili hayupo. Mama nilimwogopa. Nikaendesha gari hadi Houston, kwa shangazi yangu, dada yake baba, anayekaa Sharpstown na anafanya kazi ya kutunza wazee. Niliondoka asubuhi nikamkuta adhuhuri, anachemsha viazi, televisheni imewashwa bila sauti. Nilimuuliza hata kabla ya kukaa: mdogo wangu alizaliwa lini?

Hakugeuka. "Umesoma biolojia miaka minne na bado unauliza watoto wanatoka wapi?"

"Shangazi, nauliza lini."

Akapunguza moto. Alinieleza akiwa amenipa mgongo, akimenya viazi vya moto kwa kucha, na alikieleza kama kitu ambacho alidhani nilikijua siku zote. Kulikuwa na wa kwanza, wa mwezi wa Machi, aliyezaliwa hospitali na kuandikiwa cheti. Homa ilimchukua akiwa na miezi saba. Mwaka uliofuata, vuli, akazaliwa mwingine, nyumbani, kwa mkunga, na shangazi ndiye aliyekuwa ameshika lile beseni. Akapewa jina la aliyetangulia ili jina lisipotee. Ndivyo walivyofanya wengi pale mtaani, hakuna aliyeliona la ajabu. Wa pili hakuandikishwa popote. Ilipokuja safari ya Marekani, ubalozi ukataka cheti cha mtoto. Cheti kilikuwepo sandukuni. Jina lile lile, baba yule yule, mama yule yule, mvulana.

"Kwa hiyo ni cheti cha maiti," nilisema.

Shangazi akageuka sasa. "Usiseme hivyo. Cheti cha nduguyo."

Alinilazimisha nile. Alinifungia na viazi vingine vya njiani, na mlangoni akaniuliza, kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa peke yetu, kama mama bado anasoma Yasini kila Machi. Sikujua kama mama anasoma Yasini kila Machi.

Baba aliporudi nilimuuliza pia, yadini, akiwa anaosha vioo vya lori. Alifikiri kidogo. "Serikali ilitaka cheti," alisema. "Nikawapa cheti." Hakuwa anajitetea. Kwake palikuwa na jina moja, na mtu mmoja wa kulibeba kwa zamu.

*

Nilimwambia mdogo wangu ndani ya gari, tumeegesha nje ya uwanja wa shule. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira. Alifungua na kufunga kile kiganja chake. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza: kwa hiyo wanapoita jina uwanjani, wanamwita nani?

Nilimwambia wanamwita yeye, asiwe mjinga.

Lakini nilimweleza pia jambo lililokuwa limenikaa kichwani tangu Houston, na ambalo lilinifanya nikaribie kufurahi. Ni mdogo kwa miezi ishirini kuliko wanavyodhani. Amewashinda watu wazima akiwa mtoto. Na bado ataongezeka! Hiki ndicho kitu pekee ambacho vyuo vilitaka kujua, na jibu lake lilikuwa ndani ya mkono wake. Tukisema ukweli, tatizo la urefu linakwisha.

"Na makaratasi?" aliuliza. Neno hilo alilisema kwa Kiswahili.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Ombi letu la uraia lilikuwa limeshapelekwa, la familia nzima, na tarehe ya Machi imo ndani yake. Na vuli ile ilipofika, baada ya mashambulizi ya Septemba, watu wenye majina kama yetu walianza kuulizwa maswali hata na majirani. Mwanasheria wa msikitini niliyemuuliza kwa kuzungukazunguka, nikisingizia rafiki, aliniambia rafiki yangu afunge mdomo.

Alicheza msimu wake wa mwisho akiwa na umri wa marehemu. Alicheza vizuri mno. Simu za vyuo zilizidi nyumbani. Mara nyingine nikiipokea, upande wa pili palikuwa na pumzi tu kabla sauti haijaanza, changamfu, kunitaja kwa uhusiano wangu: wewe ni dada, sivyo? uliyemaliza chuo? Walimjua mama anaingia zamu gani ghalani Grand Prairie. Walijua baba yuko jimbo gani na lori. Kila walichokijua kilikuwa sahihi, isipokuwa mtu mwenyewe.

Mwezi wa Januari chuo kimoja kikubwa, kile alichokitaka tangu utotoni, kikasema kocha atakuja nyumbani kabla ya kuamua. Walikuwa wamebaki na nafasi moja ya kwotabeki, na vijana wawili wa kuchagua.

*

Nilikwenda chumbani kwa mama siku mbili kabla. Nilimwambia nimejua yote, tangu Mei. Nikampangia hoja zangu kama nilivyofundishwa: mtu huyu akijua umri wa kweli atamchukua, tunaweza kumwomba alifiche, mwanao aliye hai ana haki kuliko karatasi. Nilitumia maneno hayo, mwanao aliye hai.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alivuta mkebe wa biskuti chini ya kitanda akaufungua. Zile kadi tisa zilikuwa humo, zimenyooshwa, mikunjo ya sanduku la barua imepotea. Juu yake kilikuwa cheti.

"Ni mashine, mama," nilisema. "Saini zenyewe si za watu."

"Najua ni mashine."

"Sasa unaziweka za nini?"

"Miaka yote hii hakuna aliyeitaja siku yake. Babako alisahau. Shangazio hanitajii, anaogopa nitalia. Siku hiyo mimi huenda kazini, nikapanga maboksi, nikarudi." Alizigusa kingo ziwe sawa. "Mwaka jana nilizikuta mezani, watu tisa wamemkumbuka. Kwa jina lake. Mashine imemkumbuka. Wewe ulimkumbuka?"

Nilimkumbuka mguu.

"Akisema tarehe yake ni ya vuli," mama alisema, "basi ile ya Machi haitakuwa ya mtu." Alifunga mkebe. "Lakini yeye ni mkubwa. Mwambie aseme anachotaka. Sitamzuia."

*

Kocha alikuja alasiri, mtu mrefu mwenye mikono mizuri na viatu vilivyong'aa. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mtu alikuwa amemfundisha. Mama aliweka mahamri na chai ya viungo, na alipoinama kuweka sinia nilimwona yule mtu akimtazama: si usoni, bali mabega, vifundo vya mikono, nyayo. Alimtazama kama anayechagua mbuzi wa Idi. Kupitia kwangu akauliza babake mama alikuwa mrefu kiasi gani. Na kaka zake? Walirefuka mapema au walichelewa? Nilitafsiri. Mama akajibu kwamba babake aliinama kupita kila mlango, na nikatafsiri hilo pia.

Kisha alitoa kipimo cha kitambaa mfukoni akamwomba mdogo wangu akunjue kiganja. Alipima kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Mkono ulikuwa mkubwa. Aliupima mara ya pili.

Alisema, na ninakumbuka alivyoshusha sauti, kwamba hajaona kijana anayeuona uwanja kama huyu. Anarusha mpira kama anayejua kitakachotokea. Lakini ana miaka kumi na minane na anaelekea kumi na tisa, na kwa umri huo, urefu unaouona ndio huo huo. Yule kijana mwingine ana kumi na saba tu. "Ungekuwa na kumi na saba," alimwambia, "ningekungojea."

Alikuwa na kumi na saba. Alikuwa amezitimiza miezi miwili tu nyuma, vuli, na hakuna mashine iliyomletea kadi.

Nilimtazama mdogo wangu. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Naamini ningesema, mpaka leo naamini ningesema, uraia na usiwe. Mama hakuelewa Kiingereza kile chote, lakini namba alizielewa. Alikuwa ameshika birika hewani, hamimini. Mdogo wangu alimtazama yeye, si mimi, kwa muda ule ule wa sekunde mbili tatu aliokuwa akiutumia uwanjani.

"Nina miaka kumi na minane, bwana," alimwambia kocha kwa Kiingereza. "Nilizaliwa Machi."

Chai ikamiminwa.

Kabla kocha hajaondoka mama aliniomba nimwambie jambo. Alisema: "Mwambie namshukuru kwa kumkumbuka mwanangu siku ya kuzaliwa kwake. Asidhani hatukuiona kadi." Nilitafsiri neno kwa neno. Kocha aliweka mkono kifuani, akasema ni jambo dogo, wanafanya hivyo kwa vijana wao wote.

Chuo kilimchukua yule mwingine. Vingine vikubwa vikajitoa, kimoja kimoja, simu zikapungua kisha zikakoma. Mwezi wa Februari alitia saini na chuo kidogo mashariki mwa Texas ambacho sikuwahi kukisikia, katikati ya misonobari. Machi iliyofuata nilifungua sanduku la barua mwenyewe. Kulikuwa na kadi moja.

Nilimkasirikia muda mrefu. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini, na kila mara alinipa jibu tofauti: uraia, mama, hakupenda viatu vya yule mtu. Mara moja tu alisema kitu kilichonikaa. Alisema tangu siku ile garini, kila anaporusha mpira pasipo na mtu, anahisi kuna mtu pale.

Mwaka wake wa kwanza kule aliongezeka inchi moja na nusu. Wa pili, inchi moja zaidi. Wenzake walimtania kwamba yeye peke yake ndiye anayerudi utotoni, na magazeti ya huko yakauliza vyuo vikubwa vilikuwa vinatazama wapi. Alicheza kwenye uwanja ambao nyuma ya magoli palianza msitu.

Likizo ya masika ya mwaka ule wa pili, mwezi wa Machi, alikuja nyumbani na gari la rafiki. Aliinama kidogo kupita mlango wa jikoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, na mama akamtazama akiinama, akaacha kukata vitunguu. Alikuwa na bahasha mkononi ambayo chuo kilikuwa kimemtumia bwenini, yenye nembo ya msonobari. Hakuifungua. Aliiweka mezani mbele ya mama, akavuta kiti.

"Mama," alisema kwa Kiswahili, "barua ya kaka."

Mama alifuta mikono kwa upande wa kanga, upande mmoja kisha wa pili, akaichukua na kwenda nayo chumbani. Tulisikia mkebe ukivutwa chini ya kitanda.